Kiwambo cha Maganda ya Vitunguu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini nimelimwagia chai kabla halijapata hata mteja mmoja, kwa hiyo si la wateja tena. Ni langu.

Mkutubi mkuu wa maktaba alikuja karakana na mwavuli unaovuja. Sisi tunamwita Bibi Kimya, maana hata sokoni anauliza bei kwa kunong'ona. Akaniambia chumba cha watoto kinafanyiwa ukarabati na kitafunguliwa tarehe moja Juni, mvua zikishakatika. Tatizo ni dirisha. Linatazama magharibi, ukuta mzima, na alasiri watoto wanaungua.

"Niliweka mapazia mazito," akanong'ona, "wakalala wote. Nataka kitu kizuie jua lakini kisizuie mwanga. Unaweza?"

Nikasema naweza. Mdomo wangu huu hukubali kwanza, kichwa kinafuata baadaye kikihema. Mimi nashona mapazia na kofia za taa. Kiwambo cha kuchuja jua, cha ukuta mzima, sijawahi kutengeneza maishani mwangu.

Mume wangu ni fundi vioo. Yeye kazi yake ni watu waone, yangu ni watu wasione sana, na tumeishi hivyo miaka kumi na sita bila kugombania wateja. Jioni nikamweleza, akacheka kidogo tu, nikajua kuna jambo. Akasema, "Umeshazungumza na Mama?"

Mama ni mama yake. Yuko kwetu tangu Januari. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna kitu kimesimama, hajui kama ni mimi au ni kabati. Daktari wa macho anasema akipasuliwa ataona, kazi ya nusu saa kila jicho. Mama amekataa katakata. Na mume wangu amenitwisha mimi: "Wewe ni mwanamke mwenzake, zungumza naye." Kana kwamba wanawake ni chama na mimi ndiye katibu! Miaka kumi na sita mimi na Mama tumeheshimiana kwa mbali. Chai yangu hajawahi kuimaliza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejaribu karatasi leo. Karatasi ya kawaida inaziba mwanga, lakini ukiipaka mafuta ya kupikia na kuipiga pasi ya moto juu ya gazeti, inalegea, inakubali kupitisha nuru. Ukiipaka nta ya mshumaa inakuwa nzuri zaidi ila inavunjika pembeni. Chandarua tabaka moja hakifanyi lolote. Tabaka tatu kinatoa kivuli laini. Tabaka tano, jioni imeingia chumbani saa nane mchana.

Mama kakaa kwenye kigoda chake mlangoni, mkongojo magotini. Kakaa saa mbili nzima akinusa. Halafu: "Mkwe, unakaanga nini kisichoiva?"

Nikasema ni karatasi, Mama. Akaguna. Mguno wa Mama ni hotuba nzima.

Jumatano, 13 Machi

Nina hasira, nitaandika vibaya.

Siku nne nimekata ndege. Ndege ishirini na mmoja, kila mmoja na manyoya yake, nikawabandika juu ya karatasi ya mafuta kwa gundi ya unga. Nikainua kipande dirishani, nikajisifu mwenyewe. Mume wangu akasema safi. Lakini yeye hata nikichoma wali anasema safi.

Sijui nini kilinituma nimuulize Mama. Labda nilitaka kusifiwa na mtu wa tatu. Nikamshika mkono, nikamsogeza karibu. "Mama, unaona nini?"

Akainamisha kichwa huku na kule, kama kuku anayetafuta punje. "Naona tope."

"Ni ndege, Mama. Ishirini na mmoja."

"Basi wameangukia tope."

Nikamwambia, na sasa naona aibu kuandika, kwamba asiyeona hawezi kuhukumu kitu cha kuonwa. Nilisema kwa sauti ya chini lakini nilisema. Akageuka, akapapasa ukuta hadi chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwamkia, akaitikia. Zaidi ya hapo hakuna.

Jumapili, 17 Machi

Leo nimepata kitu. Nimekipata jikoni, huku machozi yakinitoka.

Mvua ilikatika kidogo saa nne, jua likaingia dirishani kwa ghafla. Mimi namenya vitunguu vya mchana. Mama alikuwa amekaa mezani anachambua mchele kwa vidole, maana kazi hiyo hakubali anyang'anywe. Nikainua ganda moja la kitunguu nilitupe, likapita mbele ya dirisha.

"Nini hicho?" Mama akauliza.

"Kitunguu, Mama."

"Si kitunguu. Hicho ulichoshika. Chenye rangi ya moto."

Mkono ukanibaki hewani. Tangu Januari Mama hajataja rangi. Nikalirudisha ganda mbele ya dirisha, nikalisogeza kushoto, uso wake ukalifuata. Kulia, ukalifuata. Kisu nikakiweka chini.

"Bado unakiona?"

"Nakiona. Usikitupe."

Chakula kililala. Tulimenya vitunguu vyote, vya leo na vya wiki, mimi namenya yeye ananyoosha maganda juu ya trei kwa kiganja. Tukahamia karakana, nikayapanga kati ya karatasi mbili zilizopakwa nta, nikapiga pasi. Karakana ikanuka kama msiba wa mpishi. Nilipoinua, mwanga ulipita umekuwa kama chai nyepesi, na mishipa ya maganda ikaonekana, myembamba, imesimama yote upande mmoja.

Mimi natazama karatasi, nashangilia. Mama kainama, kichwa chake kinatazama chini.

"Mama, ni huku juu."

"Wewe tazama karatasi yako. Mimi natazama sakafu." Akagonga saruji kwa mkongojo, pale nuru ya ganda ilipoangukia. "Hao watoto wa maktaba hukaa wapi? Si chini? Nani atainua shingo kuhesabu manyoya ya ndege?"

Jamani. Miaka kumi na sita natengeneza kofia za taa na sikuwahi kutazama sakafu.

Nikamwomba radhi ya siku ile. Akasema, "Siku gani?" na akaendelea kunyoosha maganda. Chai ya jioni aliacha robo tu.

Jumatano, 20 Machi

Ndege nimewabomoa wote. Mama anasema ukitaka kivuli kionekane, kitu kiwe kikubwa na kiwe kimoja. Sasa tunafanya kazi hivi: mimi nainua kipande, yeye anasema "kizito," "chepesi," "kimeungua," "hakina kitu." Naandika kwa penseli. Hakosei. Mimi macho yangu yanadanganywa na uzuri wa karatasi, yeye hana wa kumdanganya.

Ijumaa, 22 Machi

Muuza mboga wa kona ameniwekea gunia zima la maganda. Aliponikabidhi akashusha sauti: "Dada, kama mambo ni magumu, chukua na vitunguu vyenyewe. Utalipa siku yoyote." Nikamwambia maganda ni ya kazi. Hakuniamini, akanitilia vitatu.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua, mvua, mvua. Mpango umekamilika kichwani: vipande vitatu vya kusimama kama milango. Cha kwanza kizito, chandarua tabaka nne. Cha kati karatasi ya mafuta. Cha mwisho maganda ya vitunguu matupu. Mtoto akiingia anatoka kwenye kivuli, anapita kwenye ukungu, anaishia kwenye nuru ya chai. Kila kipande nakibandika kwa gundi ya unga, inashika kama saruji.

Alhamisi, 28 Machi

Leo ilikuwa hospitali. Daktari wa macho ni binti mdogo, ana subira ya mwalimu wa chekechea. Akasema kuna nafasi mwezi Aprili, na kwamba ikiachwa sana mtoto wa jicho anakomaa na kazi inakuwa ngumu. Mama akamsikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, kidogo nilichonacho nikilete hapa mkipoteze?" Daktari akaeleza tena. Mama akasema asante.

Tukiwa kwenye benchi tukisubiri mvua ipungue, Mama akanishika mkono. Hajawahi.

"Wewe unaonaje, mkwe?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na maneno yote, mume wangu amenifundisha hadi nimeyakariri. Nikasema, "Uamuzi ni wako, Mama."

Akautafuta mkongojo wake. "Basi tumwambie bado."

Ijumaa, 29 Machi

Nimeulizwa na mume wangu, nikajibu, "Amekataa." Kweli tupu, na bado ulikuwa uongo.

Mficha uchi hazai, basi niandike. Jana pale benchini nilifikiri hivi: akipasuliwa, nani atanionea sakafu? Nilifikiri kiwambo kabla sijafikiri mtu. Nilimwacha Mama gizani kwa ajili ya maganda ya vitunguu. Na kibaya zaidi, nina raha. Tangu niolewe sijawahi kuamka na hamu ya kwenda karakana kama wiki hizi, na sababu ni yeye, na kigoda chake, na "kizito," "chepesi" zake.

Jumanne, 2 Aprili

Mama anasema usiku anasikia kitu kinatafuna upande wa karakana. Nikamwambia ni mvua kwenye bati. Akasema mvua haina meno.

Ijumaa, 5 Aprili

Anasema tena. Nikamtania, "Masikio yameona kazi ya macho, nayo yanataka mshahara." Akacheka. Sikwenda kutazama.

Jumanne, 9 Aprili

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu limevunjika mara tatu.

Nimefungua karakana asubuhi, nikaondoa shuka lililofunika vipande, na mende wakakimbia kila upande, wanene, wanang'aa, wengine hawakujisumbua hata kukimbia. Cha kati kimeliwa nusu. Cha maganda kimeliwa kote kwenye maungio, maganda yamedondoka sakafuni kama majani. Chandarua wamekiacha, lakini gundi yake yote wamekwangua, tabaka zinaning'inia. Wiki tano za kazi.

Nilikaa sakafuni nikalia. Si kilio cha heshima. Kilio cha pua.

Mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda kufunga vioo mahali. Mama ndiye aliyenisikia. Akaja akipapasa ukuta, akanifikia, akanigusa kichwa kwa mkongojo kuhakikisha ni mimi. Nilijua atasema "nilikwambia." Nilikuwa tayari.

"Nipe moja niishike," akasema.

Nikampa kipande cha kati. Akapitisha vidole kwenye kingo zilizotafunwa, akanusa, akalamba kidole. Naapa, akalamba.

"Gundi uliichemsha kwa unga gani?"

"Wa ngano."

"Na karatasi ukaipaka mafuta ya kupikia."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo umewapikia uji, ukautia mafuta, ukawafunika shuka wasipigwe na baridi. Halafu unalia wamekula."

Nikaanza kucheka huku nikilia, makamasi na yote. Naye akacheka, akaketi pale pale chini karibu nami. Akaniacha nikamaliza. Halafu akauliza, "Cherehani yako iko wapi?"

"Ile pale kona. Kwa nini?"

"Kitu kilichoshonwa hakiliwi na mende."

"Mama, ni karatasi. Itachanika."

"Nimeshona miaka arobaini. Nimeshona vitambaa vibaya kuliko karatasi. Mshono mrefu, mguu mwepesi. Nipeleke."

Nilimpeleka. Akakaa, akapapasa mashine yote kama mtu anayemsalimia jamaa aliyepotezana naye, sindano, bobini, gurudumu. Akavua viatu. Nikamwekea vipande viwili vya nta na maganda katikati. Akaweka kidole cha shahada kando ya sindano kiwe ukingo wake, akakanyaga. Taratibu. Karatasi haikuchanika.

Tulipoinua dirishani, sindano ilikuwa imeacha vitundu, na kila kitundu kimeruhusu tone la mwanga. Mstari wa nukta ukaanguka sakafuni.

Mama akainamisha kichwa. "Huo ni mshono wangu?"

"Ni wako, Mama."

Akaufuata kwa kidole cha mguu, nukta moja moja. Halafu: "Lete kingine."

Jumatano, 10 Aprili

Tumeshona.

Alhamisi, 11 Aprili

Tumeshona. Mafuta ya kupikia marufuku, sasa ni nta tu. Mende watafute hoteli nyingine.

Jumatano, 17 Aprili

Mume wangu aliingia karakana mchana kuchukua kikatio cha vioo. Akamkuta mama yake kwenye cherehani anaimba, mimi napiga pasi. Alisimama mlangoni na kikatio mkononi hadi nikamwuliza kama amegeuka nguzo. Akasema safi. Safari hii nadhani alimaanisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Jua! Saa moja tu, lakini jua kamili. Tuliwahi uani, mimi na mume wangu tukaning'iniza vipande viwili ambavyo havijakwisha kwenye kamba ya nguo, Mama tukamsimamisha nyuma. Kivuli kikalala juu ya saruji, na upepo ulipopita kikatikisika. Mama akaacha mkongojo. Akaingia ndani ya kivuli, hatua moja moja. "Hapa kizito. Hapa bado. Hapa... hapa kimeanza kulegea. Hapa ni vitunguu!" Na kweli, alikuwa amesimama pale pale mpaka wa maganda unapoanza. Akageuka akarudi, bila mtu kumshika, kama mtu anayetembea ukumbini kwake.

Mume wangu akaingia ndani ghafla. Alisema ameacha maji jikoni. Hakuna maji yoyote jikoni.

Na mimi nilikuwa na furaha tele, halafu nikakumbuka lile la benchini, nikaanza kuanua vipande.

Jumatano, 24 Aprili

Nimesema. Niandike kabla sijaipamba.

Mvua ilikuwa imerudi. Mama anashona, mimi nachagua maganda. Nikasema bila kutanguliza salamu: "Mama, siku ile hospitalini uliniuliza, nikakujibu uamuzi ni wako. Nilikudanganya. Nilitaka nikuambie kapasuliwe. Sikusema kwa sababu nilihitaji macho yako yabaki hivi hivi, kwa ajili ya kazi yangu."

Cherehani ikasimama.

Nilisikia kila tone la mvua juu ya bati, na sitanii. Nikajiandaa kwa mguno. Nikajiandaa hata kwa mkongojo.

"Kumbe," Mama akasema. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. "Kumbe! Na mimi nilidhani mnataka nipone ili niondoke."

"Uondoke uende wapi?"

"Kwangu. Kwenye ile nyumba." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Nilijua nikiona tu, mwanangu atanibebea sanduku: haya Mama, umepona, karibu kwako. Ile nyumba tangu baba yao afe, nikikohoa inanijibu. Asiyeona hafukuzwi. Nikasema basi, nitakaa na ukungu wangu, lakini kuna watu."

"Na ile ya kidogo ulichonacho kisipotezwe?"

"Naogopa pia. Nani haogopi kisu cha jicho? Lakini hofu ya kisu ningeimeza."

Kwa hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja amelikumbatia lile giza kwa faida yake. Yeye abaki na sisi, mimi nibaki na yeye. Na mume wangu katikati, maskini, anatafuta maneno ya kumshawishi kila mtu.

Nikamwambia, "Mama, chumba kile ni chako uone usione. Cherehani pia."

"Umesema wewe au mumeo?"

"Nimesema mimi. Yeye atasema safi."

Akakanyaga cherehani tena, mshono ukaenda kidogo, ukasimama. "Kiwambo kwanza," akasema. "Halafu kisu."

Chai leo ameimaliza. Nilitazama ndani ya kikombe mara mbili.

Jumatatu, 29 Aprili

Daktari ametupa tarehe: 23 Mei, jicho la kulia. La kushoto Agosti. Mama akamwuliza kama mkono wake hutetemeka. Daktari akaunyoosha mkono, Mama akaushika akaupima muda mrefu kama anayenunua kitambaa. "Unafaa," akasema.

Jumanne, 7 Mei

Vipande viwili vimekwisha. Mvua zinapungua, sasa zinakuja jioni tu.

Jumatatu, 13 Mei

Cha tatu kimekwisha. Nimeota maganda ya vitunguu.

Jumamosi, 18 Mei

Tumefunga kiwambo maktaba. Mume wangu kaja na ngazi na vijiti vyake vya aluminiamu, kafunga kila kipande kwenye fremu kama kioo cha benki. Jua la alasiri lilipofika dirishani, chumba kizima kikabadilika. Rafu tupu bado, rangi mbichi bado inanuka, lakini sakafu ilikuwa na kila kitu.

Bibi Kimya akaingia, akatazama chini, akasema kwa sauti kubwa, "LOO!" Mlinzi akaja mbio kutoka getini.

Mama alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha dirishani, peke yake, akifuata nuru. Akaketi. Akaniita karibu, akaniambia polepole, "Nimekishika chote hiki kichwani. Hata kisu kikikosea, hiki ninacho."

Nilimwambia hakitakosea. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sijui lolote, lakini safari hii sikumwachia peke yake.

Alhamisi, 23 Mei

Benchi lile lile. Mume wangu amehesabu vigae vya ukutani, amepata mia tatu na kumi, akahesabu tena. Mimi nimeshika kanga ya Mama magotini. Niliona aibu kuomba kwa sauti, nikaomba kimoyomoyo, nikarudiarudia sentensi moja. Nusu saa ikawa dakika hamsini. Kisha mlango ukafunguliwa, Mama akatoka akiwa kwenye kiti cha magurudumu na bandeji jicho moja, kitu cha kwanza akasema, "Mkono haukutetemeka."

Ijumaa, 24 Mei

Bandeji imetolewa saa tatu asubuhi.

Daktari alisogea pembeni. Mama akapepesa, akapepesa tena, chozi likatoka. Akamtazama mwanawe kwanza, muda mrefu, akamgusa mvi za kando ya sikio. "Umekuwa baba yako," akasema. Mume wangu hakuweza kusema hata safi.

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimevaa vizuri, nimepaka hata wanja.

"Na wewe," akasema, "umezeeka."

Sijawahi kufurahia tusi hivyo maishani mwangu.

Jumatatu, 27 Mei

Anazunguka nyumba nzima anagundua uchafu. Chini ya jiko, juu ya kabati, kona za pazia. "Hivi ndivyo mlivyokuwa mnaishi?" Nilimwambia mume wangu labda tungemwacha. Mama akacheka kuliko sisi wote. Yaani nina mama mkwe kamili sasa, na chai anamaliza.

Jumamosi, 1 Juni

Anga jeupe, halina hata wingu la kuazima. Chumba cha watoto kimefunguliwa.

Walikuja kama hamsini, hakuna aliyetazama kiwambo. Wote walitazama sakafu. Walilala kwenye kivuli na vitabu, wakasogea kadiri jua lilivyosogea, hadi kufikia saa kumi wote wamerundikana kwenye nuru ya maganda, miguu ya huyu kwenye mgongo wa yule. Bibi Kimya alipeleka kidole mdomoni, halafu akakishusha.

Mama alikuja na miwani myeusi ya hospitali. Hakuwa amekiona kiwambo tangu apasuliwe. Akavua miwani. Akakisogelea karibu kabisa, pua inagusa.

"Mbona ni makaratasi tu haya?" akasema. "Na maganda. Hili hapa lina doa." Kidole kikatembea. "Na huu mstari! Nani kashona huu mstari? Umelewa!"

"Wewe, Mama."

"Mimi?"

"Tisa Aprili. Ndio wa kwanza."

Akautazama mstari wote toka juu hadi chini, ulivyopinda na kurudi. Nilidhani atasikitika. Akarudi nyuma hatua tano, hadi pale mpaka wa maganda unapoangukia sakafuni, na kwa kiganja cha kulia akaliziba lile jicho jipya. Akabaki na la zamani, lenye ukungu. Uso ukalegea wote.

"Aa," akasema. "Hii ndiyo. Hii ndiyo kazi yetu."

Bibi Kimya alikuwa nyuma yetu. Akanong'ona kwamba kuna korido ndefu upande wa mashariki, ina jua la asubuhi, kama tungependa. Mdomo wangu ukakubali. Mama, kiganja bado usoni, akasema, "Basi hili jicho la kushoto mwambieni daktari alisahau. Hili ni la kazi."

Pale ndipo lilipokuwa benchi langu la pili. Nikasema, "Hapana, Mama. Agosti utaenda, kazi iwe imekwisha au haijaisha. Sakafu nitajifunza kuitazama mwenyewe."

Akageuka na lile jicho la ukungu kutafuta sauti yangu ilipo. Aliona kitu kimesimama kati yake na dirisha.

"Haya, nimesikia, Agosti," akasema. "Lakini leo bado ni Juni. Sogea basi, wewe kabati, unanizibia mwanga."